Kuinama bila hofu: mwongozo kwa mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu

Sarafu ya shilingi 200 ilimdondoka mama mmoja mlangoni mwa chumba ninachofanyia kazi. Akaitazama pale sakafuni. Akashika fremu ya mlango, akafikiri kidogo, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa nje: "Njoo uniokotee." Mtoto akaja, akaokota, akarudi kucheza. Hakuuliza kitu. Ilionekana ni kazi yake ya kila siku.

Mama huyo anapika vitumbua. Mgongo ulimkamata miaka miwili kabla, alfajiri moja alipokuwa akiinua ndoo ya mchele uliosagwa. Maumivu makali yaliisha baada ya wiki chache. Yaliyobaki ni ya kuja na kuondoka, pamoja na orodha ndefu ya mambo aliyoyaacha: kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, kufua, kusujudu. Swala zote alikuwa akiziswali kwenye kiti cha plastiki. Nilipomwomba ainame mbele kadiri awezavyo, mikono ilifika katikati ya mapaja, pumzi ikasimama, uso ukakunjamana. Dakika tano baadaye, tukiwa tumekaa na mazungumzo yamekolea, kandambili ilimvuka mguuni. Akainama akaivaa, mgongo umepinda kama upinde. Hata hakutambua.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Umefanya nini sasa hivi?"

Mwongozo huu ni kwa mtu kama yeye: mgongo unamsumbua kwa zaidi ya miezi mitatu, amepimwa, hana ugonjwa wa hatari, lakini anatembea kama aliyebeba trei ya mayai mgongoni. Wataalamu wanaiita hali hii kinesiofobia, yaani hofu ya kujongea, neno lililoanza kutumika mwaka 1990. Liko dodoso lake la sentensi 17, alama zake ni kuanzia 17 hadi 68, na mara nyingi aliyevuka 37 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa. Kwangu swali moja hutosha: ni kazi gani ulikuwa ukiifanya mwenyewe ambayo sasa anakufanyia mtu mwingine?

Kabla ya kuanza: mgongo usioruhusiwa kusubiri

Hatua zote zinazofuata ni za maumivu ya kawaida ya mgongo, ambayo ndiyo mengi. Yako machache yanayotaka hospitali kwanza, na hapo hofu yako ina haki. Nenda leo hii, si kesho, kama mkojo umeziba au unatoka bila kujijua, kama huwezi kuzuia choo, kama sehemu za siri na kati ya mapaja zimekufa ganzi, au kama miguu inazidi kulegea. Huenda mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na kila saa ina maana.

Nenda pia bila kuchelewa kama maumivu yalianza baada ya ajali ya bodaboda au kuanguka mnazini. Kama una homa, jasho jingi usiku na unapungua uzito bila sababu. Kama umewahi kuugua saratani. Au kama maumivu yanakuamsha usiku na hayana mkao wa nafuu. Kwetu huku kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na mgonjwa anaweza kuwa nacho bila kukohoa hata kidogo. Mwenye virusi vya UKIMWI au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu asijitibu kwa mwongozo wa kusoma kabla hajapimwa.

Wanaume wengi hunijia wakiwa na hakika kwamba ni figo au ngiri. Maumivu ya figo kwa kawaida hayajali umeinama au umesimama, na mara nyingi huja na homa au mabadiliko ya mkojo. Maumivu yanayobadilika kwa mkao, yanayopungua ukitembea na kurudi ukikaa sana kwenye daladala, hayo kwa kawaida ni ya mgongo wenyewe.

Umepimwa, umeambiwa hakuna la kutisha? Twende.

Hatua ya 1: Ijue habari uliyopewa kuhusu mgongo wako

Hofu huanzia kwenye sentensi. "Pingili zimesagika." "Diski imetoka." "Una mgongo wa mzee." "Ukiinama tena utapooza." Muulize mtu alianza lini kuogopa, mara nyingi hatakutajia siku alipoumia. Atakutajia siku aliposomewa picha ya eksirei.

Kwa hiyo toa karatasi yako ya majibu, uisome upya ukiwa na jambo hili kichwani. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski (ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50, asilimia 80. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyovimba kwa nje ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 60 ya watu wa miaka 50. Hao wote hawaumwi. Wanalima, wanacheza mpira, wanabeba watoto. "Kusagika" kwingi ni sawa na mvi: kunaonekana kwenye picha, kunafuata umri.

Tena diski haichomoki kama kipande cha sabuni kinachoteleza mkononi. Imeshikamana na pingili za juu na chini yake kwa nguvu sana. Sehemu yake ikitokeza na kugusa mshipa wa fahamu, mguu unaweza kuuma vibaya, hilo silikatai; lakini mara nyingi ile sehemu iliyotokeza hunywea yenyewe ndani ya miezi kadhaa.

Sasa kwa nini mgongo uendelee kuuma baada ya jeraha kupona? Mfikirie mlinzi wa geti aliyewahi kuibiwa. Baada ya usiku ule, hata paka akipita ukutani anapuliza filimbi. Filimbi ni ya kweli, unaisikia, inakuamsha. Mwizi ndiye hayupo. Maumivu yako ni ya kweli vivyo hivyo, na asikudanganye mtu kwamba unajitungia.

Kinachomfanya mlinzi asitulie ni mzunguko ambao watafiti wameuchora tangu miaka ya 1980, na ambao Johan Vlaeyen na Steven Linton waliueleza kwa kina mwaka 2000. Unaumia, unadhani mgongo unaharibika, unaogopa, unaacha kuinama, misuli inadhoofu na kukakamaa, usingizi unapungua, kazi zinakutoka mikononi, mwili uliokakamaa unauma kwa kitu kidogo zaidi, hofu inapata ushahidi. Na kwa kuwa hukuinama, hukupata nafasi ya kuona kwamba lile uliloliogopa lisingetokea.

Hatua ya 2: Andika orodha yako, uipange kwa hofu

Chukua daftari la kawaida. Andika kila tendo uliloacha au unalolifanya kwa kujihami. Liandike kwa umahususi wake. "Kuinama" ni neno pana mno. "Kuokota kijiko kilichoanguka chini ya meza" ndicho tunachokitaka. Huko Maastricht, Uholanzi, Vlaeyen na wenzake walitumia picha za kazi za kila siku, mgonjwa akizipanga moja baada ya nyingine kulingana na anavyoona kila tendo litauumiza mgongo wake. Daftari litakutosha.

Kila tendo lipe namba kuanzia 0 hadi 10. Hapa usikosee: namba hiyo ni ya hofu. Usiulize "linauma kiasi gani?" Uliza "naamini kiasi gani kwamba nikilifanya nitajiumiza?" Orodha ya yule mama ilikuwa hivi: kufunga kamba ya kiatu akiwa amekaa, 2. Kuosha vyombo kwenye beseni akiwa kwenye kigoda, 4. Kurukuu, 5. Kufagia uwanja, 6. Kusujudu, 7. Kukuna nazi mbili kwenye mbuzi, 8. Kuinua ndoo ya unga, 10.

Kumi ile aliiandika kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Hatua ya 3: Kabla ya kujaribu, andika utabiri

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na mimi naiona ndiyo roho ya kazi nzima. Mazoezi peke yake yanaweza kufanywa miezi sita bila hofu kupungua, kwa sababu kila mara mtu anajisemea, "Leo nimeponea, nilikuwa makini." Utabiri ulioandikwa unamnyima nafasi hiyo.

Gawa ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza andika tendo na idadi. Wa pili, unachoamini kitatokea, kwa maneno yako yaliyo wazi: "Pingili itachomoka." "Nitaanguka na kushindwa kuinuka." "Nitalala kitandani siku tatu." Weka na asilimia ya imani yako. Wa tatu uuache mtupu. Utaujaza baada ya tendo, na tena kesho yake asubuhi.

"Itauma" si utabiri tunaoupima. Huenda ikauma. Tunapima kama kutaharibika kitu.

Hatua ya 4: Jaribio la kwanza

Anza na tendo lenye hofu ya 2 hadi 4. Lisiwe rahisi mno hata likose maana, wala gumu mno ukakimbia. Vua mkanda wa mgongo kama unao. Usishike ukuta.

Kama hofu yako ni ya kuinama, mpangilio huu huwafaa wengi:

Kaa kwenye kiti imara, miguu imekaa bapa sakafuni. Weka viganja juu ya magoti. Telezesha mikono kwenye miundi kuelekea vifundo vya miguu, kichwa kikining'inia, mgongo ukijikunja upendavyo. Pumua nje unapoteremka. Ukiona umebana pumzi na kuuma meno, hapo ndipo mgongo unapokakamaa: watu wenye maumivu hukaza misuli ya tumbo na mgongo kabla hata hawajasogea, na ukazaji huo pekee unatosha kuleta maumivu. Nendeni mara 5, wewe na pumzi yako, bila haraka.

Ukizoea, tandika mkeka. Piga magoti na weka viganja chini, kama unayetafuta pete iliyopotea. Rudisha makalio nyuma kuelekea visigino, kifua kikishuka. Rudi mbele. Mwenye kuswali atauona ulekeo: hapo uko hatua moja kutoka kwenye sujudu. Kisha simama, mikono kwenye mapaja, telezesha hadi magotini: huo ni mkao wa rukuu. Mwisho unashuka kutoka kusimama hadi kugusa sakafu. (Habari za ruhusa ya kuswali kwenye kiti muulize shehe wako, mimi nazungumzia mgongo tu.)

Baada ya kila jaribio, rudi kwenye daftari. Yule mama alitabiri kwamba akikunja mgongo akiwa amekaa "kitu kitakatika," imani asilimia 80. Alifanya mara 5. Safu ya tatu akaandika: "Umekaza, umeuma kidogo, haujakatika." Kesho yake: "Kama jana." Rudia tendo hilohilo siku tatu nne, mpaka namba ya hofu ishuke angalau nusu, ndipo upande kwenye linalofuata. Namba ya maumivu inaweza kubaki palepale wakati ya hofu inashuka. Usikate tamaa kwa hilo. Kwa kawaida hofu hutangulia kushuka, maumivu hufuata kwa kuchechemea.

Kiasi gani cha maumivu kinakubalika? Kanuni ninayoitumia ni hii: yakipanda hadi 4 au 5 kati ya 10 na kurudi yalipokuwa ndani ya siku moja, endelea. Yakikaa zaidi ya hapo, punguza idadi, usiache tendo. Yakianza kushuka mguuni hadi chini ya goti pamoja na ganzi au udhaifu mpya, simama, ukamwone mtaalamu.

Hatua ya 5: Fuata hesabu, usifuate maumivu

Watu wa mgongo wana siku nzuri na siku mbaya, na siku nzuri ndizo zinazowaponza. Jumamosi mgongo umetulia, mtu anafua mapazia, anapiga deki nyumba nzima, anahamisha kabati. Jumapili hanyanyuki. Anahitimisha kwamba kazi ni sumu, anapumzika siku nne, mwili unalegea, siku nzuri nyingine inafika, mapazia tena.

Dawa yake ni kiwango. Tuchukue kutembea. Kwa siku tatu tembea mpaka uone sasa basi, uandike dakika. Tuseme 20, 8 na 14. Wastani ni 14. Usianze na 14. Anza na 11 hivi, kiasi ambacho hata siku mbaya unakiweza. Ongeza dakika 1 au 2 kila baada ya siku tatu. Siku mbaya tembea dakika zilizopangwa. Siku nzuri pia, dakika zilizopangwa, hata kama miguu inawasha kuendelea. Hili la pili ndilo gumu.

Kutembea nimekuchagulia makusudi. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliofuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Nusu yao walipewa mpango wa kutembea na mafunzo kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), wakiongeza polepole kuelekea dakika 30, mara 5 kwa wiki, ndani ya miezi 6. Kwa mtu wa katikati wa kundi hilo maumivu yalichukua siku 208 kurudi. Kwa wasiopewa mpango, siku 112. Hakuna mashine hapo wala ada ya jimu. Wa mjini asiye na njia nzuri ya kupita ashuke kituo kimoja kabla.

Hesabu hiyohiyo itumie kwa kufagia (mita za uwanja), kufua (idadi ya nguo), kukaa kwenye mbuzi (nazi nusu, nazi moja).

Hatua ya 6: Mzigo

Hapa nitagombana na mabango ya usalama kazini. Tumefundishwa wote kwamba kuinua kitu ni kuchuchumaa, mgongo wima kama mlingoti, na ukikosea umekwisha. Kuchuchumaa si vibaya, kwa gunia ni busara. Ila tafiti zilizochambuliwa kwa pamoja hazikuonyesha kwamba kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo kunazuia maumivu ya mgongo. Kwa mtu ambaye tayari anaogopa, fundisho hilo linageuka sheria ya kuishi: anachuchumaa kuokota kalamu. Kitu chepesi kiokote uonavyo wewe. Utamaduni mzima wa kina mama wa vijijini wanaopalilia wakiwa wameinama, miguu imenyooka, upo mbele ya macho yetu.

Mgongo unaimarika kwa kubebeshwa, kama mkono wa fundi muashi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo jikoni kwako una mizani tayari. Dumu la lita 5, jaza nusu: kilo mbili na nusu. Liinue kutoka kwenye kigoda hadi mezani mara 5, andika utabiri wako, andika kilichotokea. Wiki ifuatayo dumu limejaa. Kisha liinue kutoka sakafuni. Kisha la lita 10, nusu kwanza. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushei; mpe mwili wako miezi miwili au mitatu kuifikia. Asiyekuwa na sababu ya kubeba ndoo ya lita 20 maishani mwake hana deni la kuifikia.

Hatua ya 7: Vua kinga moja moja

Sasa tazama vitu vidogo unavyofanya ili "kuulinda" mgongo. Mkanda. Kulala juu ya ubao. Kushika kiuno kila unapoinuka. Kukaza tumbo. Kumeza diklofenak kabla ya kufua, kwa tahadhari tu, mgongo hata haujauma. Kuuliza kila mtu kwenye daladala akupishe kiti cha mbele.

Kila kimoja kinanong'ona: umesalimika kwa sababu yangu. Chagua kimoja kwa wiki, ukiache, kwa utaratibu uleule wa utabiri. Mkanda uanze nao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini uliushauri usitumike kama matibabu ya kawaida, pamoja na kuvutwa kwa uzito na dawa za jamii ya opioidi, yaani dawa kali za maumivu kama morfini. Dawa nyingine ulizoandikiwa na daktari usiziache kwa kusoma hapa, zungumza naye.

Hatua ya 8: Wanaokupenda

Mjukuu anayeokota sarafu anaokota kwa heshima. Mume anayesema "acha, utaumia" anasema kwa huruma. Binti anayeficha ufagio anamwonea mama yake uchungu. Hawa wote, bila kujua, wanathibitisha kila siku kwamba mgongo wako ni mgonjwa mahututi. Waite, uwaambie mpango. Waambie maneno gani wayaache ("pole, usiinuke") na yapi wayatumie ("leo ni ngapi kwenye daftari?"). Mkabidhi mmoja wao kazi ya kukuuliza utabiri ulitimia au la. Watoto wanaipenda sana kazi hii, na hawana huruma kwenye kuhoji.

Kazini ni vigumu zaidi. Bosi akisikia mgongo hufikiri mara mbili: ama kukupa kiti cha kudumu, ama kukutafutia mbadala. Omba kitu chenye mwisho: wiki nne za mizigo myepesi, baada ya hapo kawaida. "Kazi nyepesi" isiyo na tarehe ya kuisha huwa kitanda kingine.

Mgongo ukikukamata tena

Utakukamata. Nakwambia mapema ili siku hiyo usiitafsiri vibaya. Pengine ni katikati ya wiki ya sita, mambo yanaenda, asubuhi unainuka na kiuno kimekaza kama mbao. Mlinzi amepuliza filimbi tena.

Pitia kwanza zile dalili za hatari za mwanzo. Kama hazipo, siku hiyo usirudi kitandani kwa zaidi ya saa chache. Mwaka 1995 huko Helsinki wafanyakazi 186 wa manispaa waliopatwa na maumivu makali ya mgongo waligawanywa: kundi moja lilale siku mbili, la pili lifanye mazoezi ya kunyoosha mgongo, la tatu liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni wale wa tatu. Waliolala walichelewa kuliko wote.

Kwa hiyo: kitambaa cha maji ya moto mgongoni, kutembea ndani ya nyumba kila saa moja dakika chache, yale mazoezi ya kwenye kiti kwa nusu ya idadi. Hesabu zako zipunguze nusu kwa siku mbili tatu, kisha zipandishe tena, haraka kuliko mara ya kwanza. Na uandike kwenye daftari kilichotangulia: usingizi mbaya? ugomvi nyumbani? ada ya shule? Siku nilizoona migongo mingi imekaza kwa pamoja ni wiki ya kufungua shule mwezi Januari.

Wakati wa kutafuta mkono wa mtu

Umejaribu wiki sita kwa uaminifu na namba za hofu hazisogei. Unalia bila sababu, usingizi umekata, umeacha kutaka kuona watu. Au hofu inatokana na ajali ambayo bado unaiota usiku. Hapo daftari peke yake halitoshi. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye watu huku humwita daktari wa mazoezi, na kama huzuni imezidi, mwambie daktari waziwazi, kwa sababu sonona na maumivu ya mgongo hutembea pamoja na zote mbili zinatibika.

Ukifika kwa huyo wa mazoezi, muulize: "Utanisaidia kurudi kwenye tendo gani, na kwa hatua zipi?" Akikulaza miezi mitatu chini ya taa ya joto na mashine ya umeme bila kukuomba uiname hata mara moja, tafuta mwingine. Nenda na daftari lako. Likiwa na safu tatu zilizojazwa litamwambia mengi kuliko bahasha ya eksirei.

Yule mama alifika kwenye sujudu wiki ya tano, kwenye nazi mbili wiki ya tisa. Ndoo ya unga aliiinua mwezi wa nne, mbele yangu, akiwa amemtazama mjukuu badala ya kuitazama ndoo. Safu ya tatu aliijaza mwenyewe: "Nzito." Gunia la mchele la kilo 50 bado anamwachia kijana wa bodaboda, kama alivyokuwa akimwachia kabla mgongo haujaanza.